Paka wa Bure Ana Bei Gani Kindu?

Mjini Kindu ni nadra kusikia mtu amenunua mtoto wa paka. Paka wa jirani huzaa nyuma ya magunia, na watoto wakishafumbua macho huanza kugawiwa kwa mdomo: huyu wa mama anayeuza mchele, yule wa mwalimu, wa mwisho atavushwa Lualaba kwa mtumbwi hadi Alunguli kwa shangazi. Siku ikifika, mwenye kupewa huja na kikapu, hushukuru, pengine huacha kipande cha sabuni asionekane amekuja mikono mitupu, na hesabu inaishia hapo. Paka kapatikana bure.

Dini nayo ina neno lake. Maniema ndiko misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikojenga makao yake, Nyangwe na Kasongo, katika karne ya 19. Waliacha Kiswahili na Uislamu, na hadi leo Waislamu ni wengi katika jimbo hili kuliko sehemu nyingi za Kongo. Katika Sahih Muslim imo hadithi ya Jabir inayokataza thamani ya paka. Wanazuoni wengi wameruhusu kumwuza paka mwenye manufaa, wengine wameshikilia katazo. Lakini kwa mtu wa mtaani maana imebaki moja, kwamba paka hapangiwi bei kama mbuzi.

Shida ni kwamba kitu kisicho na bei hudhaniwa hakina gharama. Mtoto wa paka anayeingia nyumbani akiwa na wiki nane anahitaji dawa ya minyoo, kinga ya viroboto, chanjo, na baadaye upasuaji mdogo wa kumzuia asizae ovyo. Je, katika mji kama Kindu, vitu hivyo vinagharimu nini hasa? Vipi ni vya lazima, vipi vinaweza kusubiri? Na nani anayepaswa kulipa? Ukiyapima maswali haya moja moja, utaona kwamba dawa yenyewe ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Kinachokula pesa ni baridi ya kuhifadhi chanjo, ni safari ya mganga wa mifugo, na ni ile tabia ya kila nyumba kuhangaika peke yake.

Thamani kabla ya gharama

Tuanze na sababu ya paka kuwepo. Maniema ni nchi ya mchele. Nyumba nyingi za Kindu zina gunia pembeni, la kula au la kuuza, na palipo na gunia pana panya. Panya hali tu. Hutoboa gunia, hukojolea kilichobaki, na hula mbegu ya msimu ujao. Mbadala wa paka ni sumu ya panya. Sumu hiyo haichagui: huua kuku anayedonoa chambo, huua paka anayekula panya aliyelewa sumu, na huhatarisha mtoto anayetambaa. Kwa hiyo paka ni sehemu ya ghala, kama mlango na kufuli.

Hata hivyo, mwenye nyumba hupiga hesabu yake, na hesabu hiyo ina akili. Akifa huyu, ataomba mwingine kwa jirani. Kwa nini atoe faranga kumtibu mnyama anayepatikana kwa kuomba? Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 Wakongo zaidi ya 7 katika kila 10 waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Mbele ya hali hiyo, kumwambia mama mwenye watoto sita kwamba kila mtoto wa paka lazima apewe kila kitu kilichoandikwa katika vitabu vya Ulaya ni kumkosea heshima.

Lakini hesabu ile ina tundu. Inachukulia kwamba paka akiugua, hasara ni ya paka peke yake. Baadhi ya magonjwa yake huishia kwake, mengine huvuka hadi kwa watoto wanaolala naye mkeka mmoja. Hapa ndipo pa kuzigawa gharama: zipo zinazomlinda paka, na zipo zinazowalinda watu kupitia kwa paka. Hizi za pili haziwezi kupimwa kwa bei ya paka.

Yasiyo na malipo

Kabla ya kumwita mganga wa mifugo, au veterineri kama tunavyozoea kumwita, kuna mambo yasiyodai hata faranga moja.

La kwanza ni kusubiri. Mtoto wa paka asiondolewe kwa mama yake kabla ya wiki nane. Wengi hubebwa wakiwa na wiki nne au tano, kwa haraka ya kugombea mzuri kati yao. Huyo hajajifunza kula vizuri, na kinga aliyopata kwa maziwa ya mama huishia njiani. Akipewa maziwa ya ng'ombe ya unga, huharisha, na mtoto wa gramu 500 anayeharisha siku mbili anaweza kuwa maiti siku ya tatu. Wiki tatu za subira huokoa pesa kuliko dawa yoyote ya kuhara.

La pili ni kumkagua kwa macho na vidole. Mwinue mdomo uone ufizi: ukiwa wa waridi ni heri, ukiwa mweupe kama karatasi basi damu imepungua, na mara nyingi mwizi wa damu hiyo ni kiroboto au minyoo. Vuta ngozi ya kisogo kwa vidole viwili kisha uiachie: ikirudi mara moja, mwili una maji, ikibaki imesimama kama hema, amekaukiwa. Tazama tumbo: tumbo lililovimba kama mpira huku mgongo unaonyesha mifupa ni dalili ya minyoo. Halafu mpitishe kitana chenye meno ya karibu, ukung'ute vumbi jeusi linalotoka juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Vumbi likigeuka jekundu kama kutu, hilo ni damu iliyopita tumboni mwa kiroboto. Vipimo hivyo vyote havimalizi dakika tano.

La tatu ni kumpima uzito. Dawa ya paka hutolewa kwa kilo, na kwa mtoto wa wiki nane, ambaye huwa na gramu 700 hadi 900 hivi, kukosea kidogo ni kukosea sana. Mizani ya muuza mchele inatosha: mweke ndani ya kikapu, pima, kisha toa uzito wa kikapu.

Minyoo na viroboto: pesa ya kwanza

Pesa ya kwanza iende kwenye minyoo. Karibu kila mtoto wa paka katika nchi za joto huzaliwa na mama mwenye minyoo, na minyoo mviringo humfikia kwa maziwa. Ndiyo maana waganga wa mifugo hushauri dawa ianze mapema, takriban wiki ya tatu, irudiwe kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya nane au kumi, kisha kila mwezi hadi afikishe miezi sita. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi, hukaa udongoni wiki mbili hadi nne yakikomaa, kisha hungoja mtoto anayecheza uani na kutia vidole mdomoni. Ndani ya mwili wa mtu viluwiluwi vya minyoo hupotea njia, vikafika kwenye ini, mapafu, na mara chache kwenye jicho.

Dawa yenyewe si adimu wala si ghali. Kundi la pyrantel, ambalo wazazi hulijua kwa minyoo ya watoto wao, ndilo linalotumika sana kwa paka wadogo. Tegu, ambaye paka humpata kwa kumeza kiroboto anapojilamba, hutibiwa kwa praziquantel. Hatari iko kwenye kukisia. Kidonge cha watu cha praziquantel cha miligramu 600 kingetosha paka wakubwa zaidi ya 20. Anayekivunja kwa meno na kumpa mtoto wa paka "kipande kidogo" hajui ametoa nini. Hali ni hiyo hiyo kwa sindano za mbuzi zinazouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Mlipe anayejua atoe dozi. Malipo hayo ni ya kichwa chake zaidi ya kichupa chake.

Viroboto wanafuata. Mtoto mdogo anaweza kufa kwa kunyonywa damu na viroboto peke yao. Hapa njia ya bei nafuu ndiyo salama zaidi kwa mtoto wa umri huo: kitana, maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kumkausha vizuri, na kufua au kuanika juani kila kitambaa anacholalia. Njia ya hatari ni ile ya kumpaka unga wa kuua wadudu wa sokoni au dawa ya mbwa. Nyingi zina permethrin, na mwili wa paka hauwezi kuivunja. Huanza kutetemeka, kisha degedege, kisha kifo. Paracetamol nayo ni vilevile. Mtoto wa paka akikohoa, mwenye huruma humsagia robo ya kidonge kama anavyomsagia mwanawe, na huruma hiyo humwua. Ini la paka halina uwezo wa kuisafisha dawa hiyo. Damu yake huacha kubeba hewa, ufizi ukageuka wa kahawia. Kujua mambo haya mawili ni kinga isiyolipiwa.

Chanjo mbili, hesabu mbili

Kwa chanjo, mgawanyo wetu wa gharama unaonekana wazi.

Ya kwanza ni ile inayoitwa ya magonjwa matatu: tifusi ya paka, yaani panleukopenia, pamoja na virusi viwili vya mafua makali ya paka. Huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ni dozi tatu au zaidi kwa mnyama mmoja. Magonjwa haya hayampati binadamu. Tifusi huua watoto wengi wa paka, na virusi vyake hukaa ndani ya nyumba hata mwaka mzima. Kama paka wako wa mwisho alikufa ghafla kwa kutapika na kuharisha, usilete mwingine upesi. Osha sakafu na vyombo vyake kwa maji ya javel, kwa kuwa sabuni ya kawaida haiviui virusi hivyo. Chanjo hii ni nzuri, na mwenye uwezo ampe paka wake. Lakini ni gharama inayomlinda paka, hupatikana kwa shida mbali na miji mikubwa, na asiyeweza kuilipia asihesabiwe kuwa mkosaji.

Ya pili ni ya kichaa cha mbwa. Hii ni dozi moja akiwa na wiki 12, kisha ya kuimarisha baada ya mwaka. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba katika kila wagonjwa 100, 99 wameambukizwa na mbwa. Kwa nini basi tumchanje paka? Kwa sababu paka naye hung'atwa na mbwa uani, naye hulala na watoto, na watoto wa chini ya miaka 15 ni kama watu 4 katika kila 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu hauna anayepona. Hapa hakuna nafasi ya kusema "akifa tutaomba mwingine".

Sasa weka namba kwenye mizani. Shirika hilohilo linakadiria kwamba matibabu ya mtu baada ya kung'atwa hugharimu kwa wastani dola 108, pamoja na nauli na siku za kazi zilizopotea. Kwa mtu wa dola 2 kwa siku, hiyo ni kazi ya siku 54 bila kula. Dozi ya chanjo ya mnyama, pale kampeni zinapoendeshwa kwa wingi, ni ya dola chache tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa dola.

Baridi ndiyo ghali

Kama dozi ni rahisi hivyo, kwa nini paka wengi wa Kindu hawajawahi kuonja sindano? Jibu liko njiani na ndani ya friji.

Chanjo hutakiwa kuhifadhiwa kati ya digrii 2 na 8. Kindu ni mji wa joto na unyevu, mchana mara nyingi hupita digrii 30. Nchini Kongo ni kama mtu 1 kati ya 5 tu mwenye umeme, na Kindu nyumba na maduka mengi huishi kwa sola na jenereta. Friji ya dawa ikizimika usiku mmoja, kichupa kilichosafiri nusu ya nchi kinaweza kugeuka maji matupu, na hakuna anayeweza kuliona hilo kwa macho.

Na kweli kinasafiri nusu ya nchi. Kwa miaka mingi bidhaa nyingi za Kindu zilitoka Goma na Bukavu. Mwezi Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23, Bukavu ikafuata mwezi Februari, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Zinabaki ndege kutoka Kinshasa na kwingineko, barabara mbovu, na reli ya SNCC inayotoka Lubumbashi kupitia Kamina, Kabalo na Kongolo, ambayo abiria wake huhesabu safari kwa siku, mara nyingine kwa majuma. Kila siku njiani inadai barafu, na barafu hiyo huongezwa kwenye bei.

Waganga wenyewe ni wachache. Kijana wa Maniema anayetaka kusomea udaktari wa mifugo hufunga safari hadi Chuo Kikuu cha Lubumbashi, au Butembo kwenye Chuo Kikuu Katoliki cha Graben. Anayerudi huajiriwa kwa ajili ya mbuzi, nguruwe, kuku na ukaguzi wa nyama. Ukimwita kwa paka mmoja, anakuja kwa pikipiki, na mafuta ya pikipiki hayajui kwamba mgonjwa ana gramu 800. Kwa ng'ombe kumi safari hugawanywa kwa kumi. Kwa paka mmoja humwangukia paka mmoja.

Kuna jambo la tatu ambalo wenye paka wengi hawalijui. Chanjo ya kichaa cha mbwa huuzwa katika vichupa vya dozi moja na vya dozi kumi. Cha dozi kumi ni nafuu sana kwa kila dozi, lakini kikishatobolewa hakihifadhiwi cha kesho. Tena dozi ni ileile, mililita 1, kwa paka wa kilo moja na kwa mbwa wa kilo 30. Mwenye paka mmoja anayekuja peke yake atalipia kichupa kizima au ataambiwa arudi siku nyingine. Watu kumi wakija siku moja na paka zao na mbwa zao, kila mmoja analipa sehemu ya kumi ya kichupa, sehemu ya kumi ya barafu, na sehemu ya kumi ya mafuta.

Somo kutoka Tanzania

Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika tatizo hili limechunguzwa kwa makini. Watafiti waliofanya kazi kaskazini mwa Tanzania walichukua aina moja ya chanjo ya kichaa cha mbwa, Nobivac Rabies, wakaiweka miezi sita kwenye digrii 25, nyingine miezi mitatu kwenye digrii 30, kisha wakachanja mbwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kinga waliyopata mbwa hao haikupungua ikilinganishwa na ya chanjo iliyokaa kwenye friji. Baadaye vilijaribiwa vifaa vya kupozea visivyotumia umeme, vikiwemo vilivyotengenezwa na mafundi wa hapo kwa udongo na kupozwa kwa maji yanayokauka, kwa kanuni ileile ya mtungi wa bibi.

Tusishangilie upesi. Mtungi hupoza vizuri pakavu. Katika unyevu wa msitu wa Maniema maji hukauka polepole, na ubaridi hupungua. Pia matokeo hayo ni ya chanjo ile moja iliyojaribiwa, wala hayamruhusu muuza dawa kuacha vichupa vyake juani. Chanjo ya magonjwa matatu, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, haimo kabisa katika habari hii. Hata hivyo somo linabaki: kisanduku kizuri cha baridi na mpango wa siku moja vinaweza kufanya kazi ambayo tulidhani inahitaji mtambo wa umeme.

Uzazi: gharama inayokuja baadaye

Mtoto wa kike wa paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, wakati mwenyewe bado anaonekana mtoto. Mimba huchukua wiki tisa hivi, watoto ni kama wanne kwa kawaida, na mizao miwili au mitatu kwa mwaka si ajabu. Hesabu rahisi: paka mmoja wa bure anakuwa zaidi ya wanane kabla mwaka haujaisha, na kila mmoja wao anadai upya minyoo, viroboto na sindano.

Kuhasi dume ni kazi fupi. Kumfunga kizazi jike ni kupasua tumbo: kunahitaji dawa ya usingizi iliyopimwa kwa uzito, uzi safi wa kushonea, na mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo kwa paka. Fundi anayehasi mbuzi kila wiki si lazima awe anaweza kumfungua paka, na kumhasi dume bila dawa ya maumivu ni ukatili, hata kama ni rahisi. Huko Lamu, pwani ya Kenya, ambako paka wamejaa vichochoroni, kazi ya kuwafunga kizazi imefanywa kwa msaada wa wahisani, kwa sababu mwenye paka mmoja mmoja asingeibeba. Kindu, mwenye kipato kidogo afadhali achague dume tangu siku ya kugawiwa, au amweke jike akijua anajiandikia deni la baadaye.

Chakula kiguswe kwa ufupi. Paka haishi kwa bukari wala kwa wali mtupu. Mwili wake unadai nyama au samaki. Ndakala kidogo kila siku hutosha kumweka hai na macho makali. Wanaosema paka mwenye njaa ndiye mwindaji bora wanajidanganya: mwenye njaa huenda kuwinda sufuria ya jirani.

Nani alipe nini

Kama mgawanyo wetu ni wa kweli, malipo nayo yafuate mgawanyo huo. Chanjo ya magonjwa matatu, upasuaji na chakula ni juu ya mwenye paka, kwa kadiri ya mfuko wake. Dawa ya minyoo ni juu yake pia, kwa kuwa watoto wa kwanza kufaidika ni wake. Lakini chanjo ya kichaa cha mbwa inamlinda hata jirani asiye na paka. Haki yake ni kulipiwa kwa pamoja, na serikali ya jimbo kupitia huduma zake za mifugo na za afya iwe na fungu lake humo. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Lengo lililotangazwa na mashirika ya kimataifa ni kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na mbwa ifikapo 2030. Siku moja kila mwaka katika komini ya Kasuku, moja Mikelenge, moja Alunguli, kwa paka na mbwa pamoja, si ndoto ya bajeti kubwa.

Wakati fungu la serikali likisubiriwa, avenyu moja inaweza kuanza. Anayetaka chanjo azungumze na mkubwa wa avenyu, ahesabu paka na mbwa waliofikisha miezi mitatu, akusanye mchango, ndipo amwite veterineri kwa siku waliyokubaliana. Mganga atakuja na kichupa kimoja, kisanduku kimoja cha barafu na lita ya mafuta, na hakuna tone litakalomwagwa. Kila mwenye mnyama adai karatasi yenye tarehe ya sindano na jina la chanjo, kwa kuwa siku mtoto akikwaruzwa karatasi hiyo ndiyo itakayoulizwa kwenye kituo cha afya. Na akikwaruzwa au akang'atwa, chanjo iwepo au isiwepo, jeraha lioshwe mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituoni bila kungoja kesho.

Kwa hiyo mwenye pesa kidogo apange hivi: kwanza subira ya wiki nane na ukaguzi, ambavyo havilipiwi, pili dawa ya minyoo iliyopimwa kwa mizani, tatu sindano ya kichaa cha mbwa kwenye wiki ya 12, nne, akibakiwa na kitu, chanjo ya magonjwa matatu na upasuaji. Atakayefika namba tatu amewatimizia watoto wake wajibu mkubwa kuliko yote.

Ukiahidiwa mtoto wa paka wiki hii, basi, usiulize rangi yake tu. Pita kwenye avenyu yako, uliza nyumba ngapi zina paka au mbwa asiyechanjwa. Zikifika tisa, na wewe wa kumi, kichupa kimeshapata wenyewe.